Sentensi Sahili ya Kiingereza: Hesabu Vishazi, Acha Kuhesabu Maneno

Ikifika Jumapili jioni, vikundi vya WhatsApp vya wazazi huanza kuchemka, iwe ni Nakuru, Kisumu au Bungoma. Kazi ya nyumbani inatakiwa kesho asubuhi na mtoto amekwama kwenye zoezi la Kiingereza: sema kama kila sentensi ni sahili ("simple"), ambatano ("compound") au changamano ("complex"). Mzazi anapiga picha ukurasa, anaurusha kwenye kikundi na kuomba msaada. Majibu hayakawii. Mmoja anasema ndefu ndiyo changamano. Mwingine anasema tafuta "and", ukiipata basi ni ambatano. Wa tatu hakumbuki kanuni yoyote, anachokumbuka ni kiboko cha mwalimu. Na ubishi wote huo unaweza kuzushwa na sentensi kama hii:

"I know he lied."

Maneno manne, tena mepesi. Wengi kikundini watasema ni sahili. La hasha, hiyo ni changamano. Sasa tazama nyingine:

"After the heavy rains of April, the old fishmonger with the green umbrella carried two buckets of fresh tilapia from Dunga to the market at Kibuye."

Maneno 26, msomaji anaishiwa na pumzi kabla hajafika Kibuye, na hii ndiyo sahili.

Mkanganyiko huu haukuletwa na mtaala mpya. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mwaka 2025 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 9 wakaketi KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini. Mitihani imebadilika majina lakini sarufi ya Kiingereza imekaa palepale. Kilichobadilika ni kwamba mzazi sasa anatarajiwa kushiriki masomo ya mtoto kuliko zamani, na hapo ndipo yale tuliyokariri bila kuelewa yanapotuumbua.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu istilahi. Bahati nzuri ni zilezile zinazofundishwa katika somo la Kiswahili. Kiima ni yule au kile kinachozungumziwa: katika "The lake rose", kiima ni "the lake" na kitenzi ni "rose". Kiima kikiwa pamoja na kitenzi chake, hicho ni kishazi. Kishazi kinachoweza kusimama peke yake na msikilizaji akaridhika huitwa kishazi huru. Kinachomwacha msikilizaji akingoja, kama vile "because the lake rose", ni kishazi tegemezi. Nalo fungu la maneno lisilo na kiima na kitenzi chake, kama "with the green umbrella", ni kirai tu, hata likiwa refu namna gani.

Sentensi sahili ina kishazi huru kimoja, basi. Ambatano ina vishazi huru viwili au zaidi. Changamano ina kishazi huru pamoja na kishazi tegemezi angalau kimoja. Hakuna popote katika maelezo hayo palipotajwa urefu, ugumu wa msamiati wala koma.

Fikiria jinsi kaya zilivyohesabiwa katika sensa ya mwaka 2019. Karani wa sensa hakuangalia wingi wa watu ndiyo ajue kuna kaya ngapi. Aliangalia ni nani wanaishi pamoja chini ya mkuu mmoja na kula kutoka chungu kimoja. Boma la watu 14 kule Bondo linaweza kuwa kaya moja. Vijana wawili wanaogawana chumba kimoja Nakuru, kila mmoja na jiko lake na bajeti yake, wanaweza kuwa kaya mbili. Vivyo hivyo, maneno yote 26 ya yule mama muuza samaki yanalishwa na kitenzi kimoja, "carried". Ukiuliza nani alibeba, jibu ni yule mama. Alibeba nini? Ndoo mbili. Kutoka wapi, hadi wapi, lini? Kila jibu linarudi kwa "carried". Katika "I know he lied" mambo ni tofauti. Ukiuliza nani anajua, jibu ni mimi. Ukiuliza nani alidanganya, jibu ni yeye. Hapo kuna viima viwili na vitenzi viwili, kila kiima na kitenzi chake, na kishazi cha pili kimeegemea cha kwanza. Neno "that" lililopaswa kuviunganisha limedondoshwa tu, kama Waingereza wenyewe wanavyopenda kulidondosha.

Sentensi sahili huanzia pembamba kabisa. Watoto wa shule ya Jumapili wanaoambiwa kila mmoja akariri aya moja ya Biblia huikimbilia Yohana 11:35 kwa sababu wanaijua hila yake: "Jesus wept." Kiima, kitenzi, amina. Kutoka hapo sentensi hunenepa kwa kuongezewa kile ambacho kitenzi kinadai. "The railway reached Kisumu in 1901" ina yambwa, yaani kile kinachofikiwa na tendo, kwa sababu kufika kwa namna hiyo lazima kuwe na mahali palipofikiwa. "Nakuru became a city in December 2021" ina kijalizo, maana "a city" ni Nakuru yenyewe imevishwa joho jipya. "The trader gave the boy a mango" ina yambwa mbili, mpewa na kilichotolewa. Zote tatu ni sahili, na kila moja unaweza kuipamba kwa virai vya mahali, wakati na namna mpaka ukurasa ujae, nayo isibadilike aina yake.

Mapambo hayo hayana hatari kwa aina ya sentensi, ila yana hatari kwa mwandishi. Mtu akiandika "The price of tomatoes in the markets of Kisumu have gone up", ameshikwa na maneno ya karibu. "Tomatoes" na "markets" ziko katika wingi, zimesogea hadi mlangoni mwa kitenzi, naye akazifuata. Lakini kilichopanda ni bei, na bei ni moja, kwa hiyo ni "has". Anayejua kutafuta kiini cha kiima, yaani lile neno moja ambalo mengine yote yanalizunguka, haangukii shimo hili. Nathubutu kusema kwamba hii ndiyo faida kubwa ya kujifunza sentensi sahili, kuliko kuweka alama ya vema kwenye zoezi.

Turudi kwa "and", maana ndiyo inayozua ubishi mwingi. Neno hilo huunganisha chochote: majina mawili, vivumishi viwili, vitenzi viwili, au vishazi viwili vizima. Kuliona tu hakukuambii kitu. "Nekesa and Otieno sell rice at Ahero" ni sahili: watu wawili, kiima kimoja chenye sehemu mbili, kitenzi kimoja. "Nekesa sells rice and Otieno sells fish" ni ambatano, kwa sababu kila mmoja ana biashara yake na kitenzi chake. Hapo hakuna shida.

Shida huanza hapa: "Mother washed the clothes and cooked lunch." Vitenzi viwili, kiima kimoja kilichoandikwa mara moja. Vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza vya shuleni vitakuambia hii ni sahili yenye kiarifu (kitenzi na vinavyokifuata) chenye sehemu mbili. Weka kiima cha pili, "Mother washed the clothes and she cooked lunch", nayo inageuka papo hapo kuwa ambatano. Tofauti ni "she" pekee.

Mtoto anayetoka somo la Kiswahili saa tatu na kuingia somo la Kiingereza saa nne ana haki ya kuchanganyikiwa hapo. Kwa Kiswahili, "Mama alifua nguo na akapika chakula" ni ambatano bila mjadala, maana kila kitenzi kimebeba kiima chake mgongoni: a- ya "alifua" na a- ya "akapika". Kitenzi chetu hakitoki nyumbani bila kiambishi cha nafsi. Cha Kiingereza hakibebi kitu kama hicho. "Washed" haisemi ni nani aliyefua, kwa hiyo vitenzi viwili au vitatu vinaweza kuning'inia kwenye kiima kimoja vikahesabiwa pamoja. Masomo mawili yanatumia jina moja, "sahili", lakini hesabu haiendi sawasawa. Ni vyema walimu wa masomo hayo mawili wakaketi pamoja angalau kwa chai ya saa nne wakalizungumza, maana mtoto ni mmoja.

Tofauti hiyohiyo ndiyo mama wa makosa mengine tunayoyasikia kila siku. "My brother he drives a matatu." "Me I don't know." Mzungumzaji ana mantiki yake: kwa Kiswahili ndugu yangu *a*naendesha, na mimi *si*jui, kiima kinatajwa kisha kinarudiwa ndani ya kitenzi. Lugha za Kiluhya hufanya hivyo pia. Hata Kijaluo, ambacho si cha Kibantu, hubeba nafsi ndani ya kitenzi: "achiemo" ni neno moja, nalo linatosha kusema kwamba mimi ninakula. Ukihamisha desturi hiyo kwenye Kiingereza unapata kiima maradufu. Mtaani hakuna anayekukamata, na mimi sioni haja ya kumsahihisha kondakta. Kwenye karatasi ya mtihani ni suala jingine.

Kinyume chake pia hutokea, kiima kikakosekana kabisa. Kwa Kiswahili "Kunanyesha" inatosha. Kiingereza hakikubali kitenzi kitembee bila kiima, kwa hiyo kinalazimika kutafuta cha kubandika: "It is raining." Hiyo "it" ni nani? Si mtu wala kitu. Imewekwa pale kujaza nafasi tu, kama ilivyo "there" katika "There are hippos near Dunga." Kitu pekee kinachoruhusu kiima kufichwa ni amri. "Sit." "Keep left." Hapo kila mtu anajua anayeambiwa ni wewe, na sentensi ni sahili iliyokamilika ingawa ina neno moja au mawili. Nacho kitenzi hakidondoki, hata pale ambapo lugha nyingine zingekidondosha. Mjaluo husema "An japuonj", mimi mwalimu, na sentensi imetimia. Kiingereza kinadai "am" katikati, la sivyo mtahini atapiga mstari mwekundu.

Sasa twende kwenye sehemu ngumu kidogo: vitenzi bandia. Katika "She goes to Kibuye to buy omena", je, kuna vitenzi viwili? Kwa macho, ndiyo, "goes" na "buy". Lakini jaribu kuihamisha sentensi kutoka leo hadi jana. "She went to Kibuye to buy omena." "Goes" imegeuka, "buy" imetulia kama haikusikia. Kitenzi kinachobadilika saa inapobadilika ndicho kitenzi kamili, chenye uwezo wa kuunda kishazi. Kinachotulia hakina nyakati, na shuleni hakihesabiwi. Kwa hiyo hiyo ni sahili. Ukifanya jaribio hilo kwa "I know he lies" utapata "I knew he lied". Vimegeuka viwili, na kila kimoja kina kiima chake, kwa hiyo vishazi ni viwili.

Jaribio hilo husaidia sana kwenye jozi kama hii: "The fish sold at Dunga comes from Lake Victoria" na "The fish which is sold at Dunga comes from Lake Victoria." Ukizisogeza jana, katika ya kwanza ni "comes" pekee inayogeuka kuwa "came", na "sold" inabaki kama ilivyo. Katika ya pili zinageuka "is" na "comes". Ya kwanza ni sahili, ya pili changamano, ingawa maana ni ileile na samaki ni walewale. Kiswahili hapa hakina njia ya mkato. "Samaki wanaouzwa Dunga" tayari ina kirejeshi (ile "-o-" inayofanya kazi ya "which") ndani ya kitenzi, na sentensi inayoibeba huwa changamano utake usitake. Ndiyo maana kutafsiri sentensi kichwani kwanza kisha kuipa jina ni njia ya kupotea.

Niongeze jambo moja kwa haki. Wapo wanaisimu wanaohesabu "to buy omena" kuwa kishazi, japo hakina wakati, na kwao sentensi ile si sahili tena. Wana hoja zao na hazidharauliki. Lakini vitabu vya shule havifuati mkondo huo, na mtoto wa Gredi ya 7 hana sababu ya kuingizwa kwenye ugomvi wa maprofesa usiku wa Jumapili.

Vitenzi visaidizi navyo visikutishe. "The children have been sleeping since noon" ina maneno matatu ya kitenzi lakini ni kitenzi kimoja kilichokuja na wasaidizi wake, kama "walikuwa wanalala" kwa Kiswahili. Kiima kimoja, kishazi kimoja, sahili. Na kwa kuwa tumegusa nyakati: wengine husikia neno "simple" katika majina ya nyakati za Kiingereza wakadhani ndilo hilohilo, kwamba sentensi ikiwa katika wakati uliopita wa kawaida basi ni sahili na ikiwa katika wakati mwingine si sahili. Hayo ni mambo mawili yasiyojuana. Hata swali ni sahili likiwa na kishazi kimoja: "Did you see the hippos?"

Kosa ninaloliona lina madhara zaidi ni imani kwamba sahili ni ya watoto wadogo, na kwamba Kiingereza cha mtu aliyesoma lazima kiwe kimejaa viunganishi. Mwanafunzi anaambiwa aandike insha ya kupendeza, anaogopa nukta kama anavyoogopa polisi, na matokeo ni sentensi zilizoshonwa kwa koma: "We reached Kakamega, it was late, the hotel was closed, we slept in the bus." Hivyo ni vishazi huru vinne vilivyounganishwa na alama isiyoweza kazi hiyo. Ukikata kwa nukta unapata sentensi nne sahili, na habari inapiga kwa nguvu zaidi. "We reached Kakamega. It was late. The hotel was closed. We slept in the bus." Sijapunguza hata neno moja.

Kuna wakati sahili haitoshi, nakubali. Chukua Ziwa Nakuru. Maji yake yamekuwa yakipanda kwa zaidi ya miaka kumi, chumvi na magadi yakazimuliwa, mwani unaoliwa na heroe (flamingo) ukapungua, na ndege wengi wakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Unaweza kuandika "The lake rose. The flamingos left." Msomaji anaona matukio mawili na anajiunganishia mwenyewe. Ukiandika "The lake rose, and the flamingos left", umeyaweka ubavu kwa ubavu bila kusema lipi limesababisha lipi. "The flamingos left because the lake rose" inataja sababu waziwazi, nayo ni changamano. Halafu kuna ujanja wa nne ambao wanafunzi wachache huufikiria: "The flamingos left because of the rising water." Sababu imetajwa na sentensi bado ni sahili, kwa kuwa baada ya "because of" hakuna kishazi, kuna kirai tu. Kwa hiyo "because" nayo, sawa na "and", haikupi jibu kabla hujatazama kilichoifuata.

Ile kanuni ya kwamba sentensi haiwezi kuanza na "because" haina msingi. "Because the lake rose, the flamingos left" ni changamano safi kabisa. Walimu waliitunga kanuni hiyo kuwazuia watoto kuandika "Because the lake rose." kisha nukta, ambacho ni kishazi tegemezi kilichotelekezwa. Dawa ilikuwa kali kuliko ugonjwa.

Kwa anayetaka kujipima, jozi hii hunasa hata watu wazima. "What time does the last matatu to Kakamega leave?" ni swali lenye kishazi kimoja, kwa hiyo ni sahili. "Tell me what time the last matatu to Kakamega leaves" ni changamano: amri "tell me" ndiyo huru, na swali limemezwa ndani yake likawa tegemezi. Tazama pia kilichotokea likimezwa. "Does" imetoweka na "leave" imeota s. Ndiyo sababu "Tell me what time does it leave", unayoisikia stendi ya Kisumu kila siku, inaeleweka na kila mtu na bado inakatwa alama. Aliyeitamka amesema kishazi tegemezi kwa mpangilio wa swali linalojitegemea.